Vifaa vya kinga kwa anayeanza kujifunza kuchomelea: ununue nini kwanza, na ukikague vipi dukani

Kitu cha kwanza nilichonunua nilipoanza kujifunza kuchomelea kilikuwa ovaroli. Ya bluu, inang'aa, ina mistari ya fedha mikononi na mgongoni. Nilipita nayo mtaani Nkuhungu, hapa Dodoma, siku mbili kabla masomo hayajaanza, ili watu wajue. Wiki ya pili ilikuwa na matundu kama chekeche. Ilikuwa ya poliesta, na cheche ikitua juu ya poliesta haizimiki, inayeyusha njia yake mpaka kwenye ngozi. Wiki hiyohiyo nikakesha usiku mzima macho yakiwa kama yamejazwa mchanga, kwa kuwa pesa ya kioo kizuri cha kukinga macho nilikuwa nimeimalizia kwenye ile ovaroli.

Hapa nimepanga mambo kwa utaratibu ambao ningeufuata leo kama ningerudi kuanza upya, nikiwa na mfuko wa mwanafunzi. Nazungumzia zaidi kuchomelea kwa umeme kwa kutumia rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka kuunganisha vyuma, maana ndiko karibu kila mwanafunzi anakoanzia, awe chuo cha ufundi cha serikali (VETA), chuo binafsi au karakana ya mjomba pembeni ya barabara ya Singida.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujatoa pesa

Fika chuoni au karakanani siku chache kabla ya kuanza, ukiwa na maswali manne. Vifaa gani vipo vya kutumia kwa pamoja, na vipi kila mtu anajinunulia? Tutaanza na rodi za unene gani? Tutatumia gesi pia, au umeme tu? Tutafanyia kazi ndani au uwanjani? Majibu hayo ndiyo yatakayoamua namba ya giza la kioo, aina ya glovu na hata rangi ya shati.

Ukiambiwa helmeti zipo za kuazimana, usikimbilie kununua helmeti. Nunua kioo chako cheusi, vioo vyeupe viwili vitatu vya kukikinga, na miwani yako ya usalama. Helmeti ya kuazimana huwa na ganda zima na kioo kilichokwaruzika mpaka huoni kitu. Ukiingia na kioo chako mfukoni unakipachika, ukimaliza unakitoa. Vioo vingi vya helmeti hizi ni vya kipimo kimoja, inchi 2 kwa inchi 4 na robo, lakini pima cha chuoni kwanza kwa rula.

Anayejifunza kwa fundi wa mtaani ana shida nyingine. Hakuna orodha ya vifaa, na fundi mwenyewe pengine amechomelea miaka 20 kwa miwani ya jua. Usibishane naye mbele ya wateja. Mwambie: "Shikamoo mjomba. Naomba wiki hii nikushikie vipimo na kupiga brashi, kuchomelea nitaanza nikishapata kioo changu." Sijaona fundi aliyekataa ombi kama hilo. Mtu wa kushika vipimo anahitajika kila siku.

Na ukija kuajiriwa, jua kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini), inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kinga. Kwa hiyo hata unapokwenda mafunzo kwa vitendo, uliza kwa adabu kwanza kabla hujanunua vya gharama kwa ajili ya kazi ya kampuni ya mtu.

Hatua ya 2: Macho, na hapa usibane pesa

Mwako wa rodi hutoa mwanga unaouona, pamoja na mionzi miwili usiyoiona: ya urujuanimno, na ile ya joto. Ya urujuanimno ndiyo inayounguza ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, na ina tabia mbaya ya kutouma papo hapo. Unafanya kazi, unarudi nyumbani, unakula ugali wako vizuri, halafu baada ya saa 6 hadi 12 macho yanaanza kuwasha, kutoa machozi na kukataa taa. Ndiyo maana mtu anaweza kukuapia kwamba leo amechungulia mara tatu na hakuumia. Usiku haujafika.

Miwani ya jua haifai, na hata ukivaa mbili kwa pamoja bado haifai. Miwani ya kukatia kwa gesi nayo, ile ya mviringo ya kijani ambayo kawaida huwa na kioo namba 5, ni ya gesi tu. Nimeona wanafunzi wakiichukua kwa sababu ina giza na inavalika kirahisi. Kwa mwako wa umeme namba hiyo ni ndogo mno, na uso wote unabaki nje unaungua.

Kuna aina tatu za kuchagua. Ngao ya mkononi ni rahisi kwa bei, lakini inakula mkono mmoja. Kwa mwanafunzi ambaye bado anahitaji mkono wa pili kutuliza rodi, ni mateso. Helmeti ya kioo cha kawaida inakuachia mikono yote, ila inabidi uiteremshe kwa kutikisa kichwa kabla ya kuwasha. Helmeti ya otomatiki inabaki na uwazi kiasi mpaka mwako utokee, kisha inajitia giza yenyewe kwa kasi ambayo jicho halitambui.

Mimi humshauri anayeanza achukue helmeti ya kioo cha kawaida, hasa ile ambayo kidirisha chake cheusi kinafunguka juu na kubakiza kioo cheupe, ili uone unapogonga slagi, lile gamba linaloganda juu ya mshono wa chuma, bila kuvua helmeti. Najua vijana hawapendi kusikia hivyo. Otomatiki nzuri ni nzuri kweli, lakini za bei ya chini kabisa ndizo zinazosumbua: kihisi (kijicho kinachotambua mwako) kimoja au viwili badala ya vinne, na betri isiyobadilishika ikifa helmeti inakuwa ndoo. Ukitaka otomatiki, subiri ufike bei ya kupata yenye vihisi vinne, betri ya kubadilisha, na kitufe cha kuchagua giza kuanzia 9 hadi 13.

Sasa namba ya giza. Kwa rodi ya milimita 2.5, ambayo huchomwa kwa ampia 60 hadi 90 hivi, chukua namba 10. Kwa rodi ya milimita 3.2, ampia 90 hadi 130 hivi, namba 11 inatulia zaidi. Kanuni ya mafundi ni kuanza na giza zaidi, kisha kushuka namba moja mpaka uone vizuri ule uji wa chuma unaoyeyuka, bila kupita hapo. Ukimaliza kuchomelea ukaona doa la mwanga linakufuata kila unapotazama, kioo chako ni hafifu au kuna mwanga unaoingia pembeni.

Kukagua kioo dukani kuna mambo matatu. Namba lazima iwe imechorwa kwenye kioo chenyewe, pamoja na alama ya mtengenezaji. Karatasi iliyobandikwa haitoshi, maana kioo kinaweza kutiwa rangi nyeusi tu bila kuzuia mionzi isiyoonekana. Pili, kiweke machoni utazame taa ya dukani. Kwa namba 10 au 11 unatakiwa uone taa peke yake, hafifu, na vingine vyote giza. Ukiweza kusoma makopo ya rangi kwenye rafu au kuona sura ya muuzaji, mrudishie kioo chake. Usifanye jaribio hilo kwa kutazama jua. Tatu, pitisha kucha kwenye kingo, ukitafuta ufa.

Ya otomatiki ijaribu kwa kuwasha kiberiti cha gesi mbele ya vihisi, au kwa kubonyeza rimoti ya televisheni ikivielekea. Nyingi hujitia giza mara moja. Fanya hivyo mara kumi. Ikikosa hata mara moja, iache hapohapo. Kwenye helmeti tafuta alama za viwango vya Ulaya, EN 175 kwa ganda na EN 379 kwa kioo cha otomatiki. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa tu, bosi", endelea kutafuta hayo maandishi.

Kioo cheupe cha nje watu hukidharau. Kazi yake ni kupokea cheche badala ya kioo cheusi, na bei yake ni ndogo kuliko sahani ya chipsi mayai. Mpangilio ni huu: cheupe nje, cheusi katikati, na kama helmeti ina nafasi, cheupe kingine upande wa uso. Nimemkuta mwanafunzi amekipanga kinyume, cheusi nje, na ndani ya mwezi kioo chake cha pesa nyingi kilikuwa na vipele vya chuma juu yake.

Chini ya helmeti vaa miwani ya usalama, ile ya plastiki ngumu isiyo na rangi yenye mbavu za pembeni, iliyoandikwa EN 166 au Z87+. Hiyo inabaki machoni muda wote uliopo karakanani, kwa sababu slagi hugongwa ukiwa umefunua helmeti, na jirani yako huwasha bila kukuambia. Plastiki hiyo hukata sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno inayokuja ubavuni, ingawa haikuruhusu kutazama mwako.

Ukipigwa na mwanga licha ya yote haya, usisugue macho. Dawa za mtaani, yaani vitunguu, viazi na maziwa ya mama mzazi aliye jirani, ziache jikoni na kwa mtoto. Kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, kisha nenda kituo cha afya wakuangalie kama hakuna kipande cha chuma kilichobaki. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji bado tunaiita General, ina watu wa macho. Kuungua kwa kawaida hupona kwa siku moja hadi tatu. Kisichopona chenyewe ni chuma kilichojichimbia kwenye jicho, na mwanzoni maumivu yake hufanana na yale mengine.

Hatua ya 3: Nguo, kwa jaribio la kiberiti

Hapa ndipo mwanafunzi anapoweza kuokoa pesa nyingi, kwa sababu nguo nzuri ya kuchomelea ipo mitumbani Sabasaba au mnadani Msalato kwa bei ya kuongea. Unachotafuta ni pamba tupu, nzito, iliyofumwa kwa kubana: jinzi ya zamani isiyovutika, shati la kazi la mikono mirefu, koti la turubai.

Usiamini kitambulisho kilichoshonwa ndani, mara nyingi hakipo. Omba muuzaji akuruhusu uchomoe uzi mmoja mrefu kwenye pindo la ndani, ukauchome mbali na rundo la nguo. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, unanukia karatasi, na unaacha jivu jepesi linalopukutika. Wa poliesta au nailoni hujikunja, hunukia plastiki, na unaacha kijidonge kigumu. Ukiona kijidonge, rudisha. Jinzi nyingi za siku hizi zinazovutika zina mchanganyiko huo, kwa hiyo usidanganyike na neno jinzi.

Kisha angalia ushonaji. Mifuko ya kifuani iwe na vifuniko au uishone ifungwe. Suruali isiwe na pindo lililokunjwa nje, kwa kuwa hapo ndipo cheche zinapolala na kuendelea kuwaka wakati wewe unaangalia mshono wa chuma. Shingo ifungwe hadi kifungo cha juu. Wanaoacha vifungo viwili wazi kwa ajili ya joto la Dodoma huondoka na alama ya pembetatu kifuani, imeungua kama ya jua, na ngozi nyeusi haituokoi na hilo. Rangi iwe ya giza: shati jeupe hurudisha mwanga wa mwako ndani ya helmeti kutokea chini ya kidevu.

Juu ya nguo hizo, aproni ya ngozi ndicho kitu cha kuongeza pesa ikipatikana. Hukinga kifua na mapaja, sehemu zinazopokea cheche nyingi unapofanya kazi umekaa au umechuchumaa. Ukinunua nguo mpya iliyotengenezwa kwa kazi hii, alama yake ni ISO 11611. Daraja la 1 linatosha kwa mazoezi ya mwanafunzi, daraja la 2 ni la kazi nzito zaidi.

Wasichana wanaoingia fani hii, na namshukuru Mungu wanaongezeka, wana jambo moja ambalo walimu wa kiume hulisahau. Rasta na nywele nyingi za bandia ni plastiki. Cheche ikitua hapo inayeyuka na kushika kwenye ngozi ya kichwa. Funga nywele zote ndani ya kofia ya pamba inayofika chini ya ukosi, usiku uzifungue ukipenda. Hijabu nayo iwe ya pamba, iliyochomekwa ndani ya shati, kwa sababu zile laini zinazoteleza ni poliesta karibu zote. Hereni, pete na saa vibaki nyumbani kwa wote, waume kwa wake. Kiberiti cha gesi kisikae mfukoni kabisa.

Hatua ya 4: Mikono na miguu

Glovu za kuchomelea kwa rodi ni za ngozi, nene, zenye shingo ndefu inayofunika kifundo cha mkono na kuingia juu ya mkono wa shati. Alama yake ni EN 12477, na wewe unataka aina A, maana aina B ni nyembamba, za kazi zinazohitaji vidole vyepesi. Glovu za pamba zenye mpira viganjani, zile za kubebea matofali, hazifai, mpira unayeyuka.

Dukani geuza ukingo wa glovu utazame palipokatwa. Ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi kama za nyama iliyokauka. Rekisini, yaani ngozi ya bandia, inaonyesha kitambaa chini na utando wa plastiki juu. Halafu vaa, kunja ngumi, kisha jaribu kuokota sarafu ya shilingi 200 mezani. Huhitaji kuiokota kwa ustadi, lakini ukishindwa hata kuigusa, glovu ni kubwa na rodi itakutetemeka. Vuta mshono kati ya kidole gumba na cha shahada, ndipo zinapopasukia.

Glovu zina kazi ya pili ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni umeme. Ukiwa huchomelei, mashine nyingi za rodi huweka volti 50 hadi 90 kwenye koleo la rodi. Mkono mkavu ndani ya glovu kavu hauzisikii. Glovu iliyoloa jasho, au iliyonyeshewa mvua ya Januari ikiwa imeanikwa uani, inakupa zile volti. Ukiweza, miliki jozi mbili, moja ikauke huku nyingine inafanya kazi. Na usishike chuma chekundu kwa glovu ukidhani ndiyo kazi yake. Shika kwa koleo. Ngozi ikipata moto namna hiyo hujikunja na kukauka kama ukoko wa ugali, na haitakunjika tena.

Buti ziwe za ngozi, zinazopita kifundo cha mguu, zenye chuma mbele na soli ya mpira usiopitisha mafuta. Kama ni mpya, tafuta ISO 20345, na herufi S3 kama unaweza, maana hiyo ina kinga ya msumari chini ya soli, na uwanja wa karakana hauishi misumari na vipande vya nondo. Kama ni za mtumba, gonga mbele kwa kifundo cha kidole usikie, kisha zikunje uone kama soli imeanza kuachia. Raba zina kitambaa cha wavu kinachoyeyuka. Gambuti cheche zikiingia kwa juu hazina pa kutokea. Ndala sizizungumzii. Suruali ishuke nje ya buti, isichomekwe ndani, na kamba za viatu zifunikwe na suruali au kipande cha ngozi.

Hatua ya 5: Mapafu, ambayo hakuna anayeyaona

Mwaka 2017, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisemi hivyo kukutisha uache masomo. Nasema kwa sababu kinga ya kwanza ya mapafu haina bei: ni mahali unapoweka kichwa.

Moshi hupanda wima kutoka kwenye mshono. Mwanafunzi mwenye macho mapya huinama ili aone, kichwa kikiwa katikati ya moshi. Rudisha kichwa nyuma, au kaa ubavuni, uone moshi ukikupita. Dodoma ina neema ya upepo, hasa miezi ya kiangazi ambapo vumbi linatembea kama lina safari. Simama upepo ukipigie ubavuni. Ukikupiga mgongoni, moshi huzunguka na kurudi mbele ya uso wako. Ukikupiga usoni, unakuletea wote. Kumbuka tu kwamba upepo huohuo unabeba cheche mpaka kwenye majani makavu nyuma ya karakana, kwa hiyo ndoo ya mchanga iwe karibu.

Barakoa ya kitambaa, na ile ya bluu ya hospitali, hazichuji moshi huu. Inayofaa ni ile ngumu yenye mikanda miwili ya kichwa, iliyoandikwa FFP2 au N95, na FFP3 kama ipo. Mkanda mmoja unapita juu ya masikio, mwingine chini yake, na kipande cha chuma cha puani unakibana kwa vidole vya mikono miwili. Ziba barakoa kwa viganja upumue nje kwa nguvu. Hewa ikikupuliza machoni, haijakaa. Ndevu nyingi huizuia kukaa, na hilo halina mjadala na barakoa. Chagua isiyo na kimo kikubwa, ipite chini ya helmeti.

Halafu kuna mabati na mabomba yaliyopakwa zinki. Ukiyachomelea, zinki huwaka na kutoa moshi mweupe wenye nyuzi zinazoelea kama pamba. Ukiuvuta, baada ya saa kadhaa unapata homa, baridi, viungo kuuma na ladha ya chuma mdomoni, kiasi kwamba utakwenda kupima malaria na majibu yatoke safi. Homa hiyo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, ila haifai kuizoea. Mafundi wengi watakuambia unywe maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni na moshi umeingia mapafuni, hawakutani. Kinachosaidia ni kusaga zinki yote pembeni mwa mshono kabla ya kuwasha, ukiwa umevaa barakoa, na kufanyia kazi hiyo nje. Rangi ya zamani nayo isagwe kwanza.

Kuna kazi moja ambayo hakuna kifaa cha kinga kinachoiweza: pipa au tenki lililowahi kuwa na mafuta. Mvuke uliobaki ndani hulipuka. Mteja akileta, mwanafunzi anamwita fundi mkubwa, na fundi mkubwa mwenye akili anamrudisha mteja.

Hatua ya 6: Grinda na masikio

Kwa kifupi. Grinda, mashine ya diski ya kusagia na kukatia chuma, hupiga kelele inayozidi desibeli 85, kiwango ambacho kukaa nacho saa nane kwa siku kunaanza kula masikio. Vizibo vya sponji vinatosha: visokote vikawa vyembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka vifutuke. Pia vinazuia cheche kuingia sikioni unapochomelea kwa juu, na aliyewahi kuingiwa na moja hahitaji kushawishiwa. Juu ya miwani ongeza ngao ya uso isiyo na rangi. Kinga ya diski isiondolewe kwenye grinda hata kama mwenye karakana ameitupa zamani, mwombe aitafute. Kabla ya kufunga diski, soma tarehe iliyogongwa kwenye ule mkanda wa chuma wa katikati, kwa kuwa diski nazo zina mwisho wa matumizi, kisha hakikisha kasi iliyoandikwa kwenye diski haiko chini ya ile ya mashine.

Hatua ya 7: Vaa vyote kwa pamoja, saa saba mchana

Hiki ndicho kipimo ambacho hakuna muuzaji atakayekipendekeza. Kabla ya siku ya kwanza, vaa kila kitu nyumbani, saa saba mchana, ukae navyo nusu saa. Chuchumaa. Inua mikono kama unachomelea kenchi. Teremsha helmeti mara kumi kwa kutikisa kichwa. Ukanda wa kichwa ukibana kipaji, ulegeze kwa kisokotio cha nyuma. Helmeti ikishuka na kugota kifuani, rekebisha pembe yake. Shati likipanda na kuonyesha kiuno unapoinama, tafuta refu zaidi, kwa sababu cheche hupenda hapo kuliko popote.

Utaona joto. Kitu ambacho huwezi kukivaa nusu saa ukiwa umekaa tu kivulini hutakivaa kwa muda wa saa nne karakanani. Utakivua, na siku utakayokivua ndiyo utakayoungua. Hivyo kama aproni ndefu inakuua, chukua fupi. Kama koti la ngozi linakushinda, chukua mikono ya ngozi inayovaliwa juu ya shati la pamba. Kunywa maji kabla hujasikia kiu, na upumzike ukivua helmeti mbali na wanaowasha.

Wanaofanyia kazi uwanjani wana tatizo jingine la jua letu. Jua likiwa mgongoni kwako linaingia nyuma ya helmeti, linagonga kioo kwa ndani, na badala ya mshono unaona uso wako mwenyewe. Wengi hudhani kioo ni kibovu. Geuka ubavu, au tundika kipande cha jinzi nyuma ya ukanda wa helmeti kifunike kisogo. Cha kwangu kilikuwa mguu wa suruali ya zamani, na kimedumu kuliko helmeti mbili.

Pesa ikiwa haitoshi vyote kwa mkupuo, mpangilio wangu ni huu. Siku ya kwanza usikose kioo sahihi, miwani ya usalama, glovu za ngozi, na nguo za pamba za mtumba zilizopita jaribio la kiberiti. Buti zifuate mara moja; kama bado, vaa viatu vya ngozi vya shule vilivyofunika mguu na usiinue vyuma vizito. Barakoa na vizibo vya masikio ni vya bei ndogo, visisubiri mwezi wa pili. Aproni ifuate, helmeti yako mwenyewe baadaye kama kuna ya kuazima, otomatiki mwisho kabisa, na ovaroli yenye mistari ya fedha ukishapata kazi.

Hatua ya 8: Ukaguzi wa kila asubuhi

Kabla hujawasha, inua helmeti kuelekea dirishani ukitazama ndani: nukta yoyote ya mwanga kwenye ganda au pembeni ya kioo ni njia ya mwanga kufika jichoni. Kioo cheupe kikiwa na vipele kiasi cha kukufanya uiname ili uone, kibadilishe leo. Glovu zenye tundu dogo kwenye vidole ni za kubebea vyuma tu, si za kuwashia. Nguo zenye mafuta au grisi zifuliwe kwanza, kwa sababu zinashika moto. Miwani ioshe kwa maji kabla ya kuifuta. Vumbi la Dodoma ukilifuta likiwa kavu linageuka msasa.

Jioni tundika glovu vidole vikitazama juu, mahali pa kivuli, zisikaushwe juani wala karibu na jiko. Helmeti ifungie kwenye mfuko wa kitambaa. Na kila kitu, kuanzia kioo mpaka buti, kiandike jina lako kwa rangi ya mafuta isiyofutika, herufi kubwa, sehemu inayoonekana. Kwenye karakana ya wanafunzi thelathini, glovu zina miguu.